Tiba ya kufuata kidole kwa macho (EMDR), kuna aliyefanyiwa?

Bint_Mikumi
Habari za jioni wakuu. Kaka angu alipata ajali ya basi mwaka jana barabara ya Morogoro, mwili umepona ila kichwani bado kabisa, usiku anaamka anapiga kelele, akisikia breki za lori jasho linamtoka, basi hapandi tena, bora atembee. Sasa tumempeleka kwa mwanasaikolojia hapa Dar katuambia atamfanyia EMDR, yaani anafuata kidole kwa macho kushoto kulia huku anaikumbuka ajali. Bi mkubwa kusikia hivyo kasema hayo mazingaombwe, twende kwenye maombi. Hii ni tiba kweli au tunapigwa hela? Na si ndo kumlaza mtu usingizi wa ajabu huko?

Ngosha_wa_Mwanza
Kidole kiponye ajali?? Mtapigwa mchana kweupe.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Pole sana dada. Hapana, halazwi usingizi, anakuwa timamu kabisa na akisema tusimame wanasimama. Aliyeianzisha ni mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro. 1987 alikuwa anatembea bustanini akaona mawazo yaliyokuwa yanamsumbua yanapungua makali macho yake yakicheza huku na huku, akaifanyia utafiti akachapisha 1989, na 2013 Shirika la Afya Duniani likaiweka kwenye mwongozo wake wa kutibu watu wenye kiwewe. Ila msitegemee kidole siku ya kwanza. Ina hatua 8, kwanza historia yake, halafu anafundishwa kujituliza, na hapo asiharakishwe. Kidole kinakuja baadaye: anachagua picha moja inayomuuma kuliko zote, mfano kioo cha basi kinavyopasuka, anasema inamfanya ajionee vipi ("sipo salama"), anaipa namba 0 mpaka 10 kwa jinsi inavyomuuma. Anafuata kidole muda mfupi tu, wanasimama, anaulizwa nini kimekuja sasa, anajibu kwa maneno mawili matatu, wanaendelea hivyo hivyo mpaka namba ishuke.

Ngosha_wa_Mwanza
Sawa nesi lakini hayo macho yanafanya nini hasa? Maana hata kukaa na mtu ukamwaga yote moyoni unapata nafuu.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Swali zuri, na hata wataalamu wanabishana hapo hapo. Wapo wanaosema kinachoponya ni kule kuikabili kumbukumbu yenyewe, macho ni nyongeza tu. Wengine wanasema akili ikibebeshwa kazi mbili kwa mpigo ile picha inakosa nafasi, inafifia. Ndo maana kuna wanaogongwa gongwa mikononi au wanasikilizishwa mlio sikio hili na lile badala ya kidole. Ila kwamba watu wanapata nafuu, tafiti zipo. Na kama hamtampata aliyesomea EMDR, kuna tiba ya mazungumzo ya CBT inayolenga kiwewe, nayo ipo kwenye mwongozo huo huo.

Mtu_wa_Pwani_254
Mimi nilifanyiwa Nairobi baada ya kuvamiwa na majambazi wenye bunduki. Nilidhani nitalilia bunduki, kumbe kilichonitoa machozi ni kiatu changu kimoja kilichobaki barabarani, sijui hata kilikuwa kimekaa wapi kichwani mwangu. Baada ya sesheni nachoka kama nimebeba simiti na ndoto usiku zinakuja nyingi, kwa hiyo siku hiyo kaka yako asiendeshe gari, mtu amsindikize. Saa hii nakumbuka kila kitu lakini mikono haitetemeki. Halafu muulizeni huyo mtaalamu amesomea wapi EMDR na nani anamsimamia, maana siku hizi mtu anatazama video mbili tatu anajiita terapisti.

Bint_Mikumi
Asanteni jamani. Swali la mwisho, lazima asimulie ajali yote? Maana dereva alikuwa rafiki ake na alifia pale pale, hajawahi kulitaja hata jina lake.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Si lazima. Anaishika kichwani mwake, mtaalamu anahitaji kidogo tu cha kumuongoza, wala hapewi kazi za kwenda kufanya nyumbani. Hilo la rafiki ake mwambieni mtaalamu mapema lakini, huenda ndo linalomuuma kuliko ajali yenyewe. Na akianza kusema anataka kujidhuru msisubiri miadi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Bint_Mikumi
Sawa. Bi mkubwa kakubali, kasema maombi yanaendelea na Alhamisi anamsindikiza mwenyewe. Kwa bajaji, basi hapana.

Ngosha_wa_Mwanza
Mrudi mtuambie basi. Na bei mseme.