Kuandika ukiwa safarini: stima, makataa na laini

kalamu_mkobani: Wadau, nyumba ya Nairobi inaachwa mwisho wa mwezi. Kwanza Kilifi, kisha Lamu, halafu Kampala. Wateja wako London na New York. Simu ya video ni mara moja kwa wiki. Nibebe nini, na ni kipi kitaniangusha mapema?

wino_na_waya: Stima, kabla ya intaneti. Maandishi hayali bando; ni ile simu ya video inayoweza kumeza GB 1 kwa saa. Tafuta pawabenki ya mAh 20,000: kwa volti 3.7 hiyo ni Wh (wati-saa) 74, na ndege nyingi huruhusu hadi Wh 100 kwenye mkoba wa mkononi. Lakini soma yale maandishi madogo mgongoni. Lazima iwe na PD (Power Delivery, mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa kupitia USB-C) ya wati 45 au 65. Zile za simu hutoa volti 5, na laptopu nyingi za USB-C hutaka 20, kwa hivyo utachomeka waya na asilimia ziendelee kushuka. Sehemu ya nguvu hupotea kama joto. Betri ya laptopu ya Wh 50 utaijaza mara moja, basi.

Google Docs nayo: washa matumizi ya nje ya mtandao ungali na wi-fi, uweke alama kila faili utakayoihitaji. Kisha zima wi-fi uifungue. Ikigoma hapa mjini, usitarajie ifunguke ukiwa ndani ya SGR katikati ya Tsavo.

saa_za_mhariri: Makataa ya saa kumi na moja jioni New York ni saa saba usiku kwetu, na kuanzia Jumapili ya pili ya Machi, wao wakisogeza saa mbele, ni saa sita. London husubiri hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, kwa hivyo kuna wiki mbili tatu ambapo kalenda za wateja wako hazipatani. Mteja akiandika "mwisho wa siku", muulize: siku ya mji gani?

mama_ankara: Laini yako ya M-Pesa isitoke kwenye simu! Namba za siri za benki huja kwa SMS. Ya Uganda iweke nafasi ya pili; ya Kenya iwashie roming, ila data yake uizime isije ikafyonza salio. Mteja wa Marekani akidai fomu W-8BEN (ya kodi, kuonyesha kwamba wewe si mlipakodi wa huko), ijaze: hudumu hadi mwisho wa mwaka wa tatu baada ya ule uliotia sahihi. Ritani ya kodi ya KRA ni Juni 30 kama kawaida, hata ukiwa Kampala.

kalamu_mkobani: Asanteni. Na adapta ya Kampala?

wino_na_waya: Usinunue. Soketi ni hizi hizi za pini tatu. Pesa hiyo nunua waya wa pili wa USB-C, ulioandikwa wati 100.