Keki ya ghorofa tatu: kupanga nyumbani, kupanga ukumbini, au stendi?

MwanafunziWaOveni (Mbagala)
Habari za jioni wapishi. Naoka keki za bethdei mwaka wa pili sasa, zote za ghorofa moja. Binti wa mama mdogo ana sendofu mwezi wa kwanza huko Kigamboni, na mama mdogo keshatangaza kikaoni kwamba keki naoka mimi. Ghorofa tatu: inchi 10, 8 na 6. Wageni 150. Sijui nipange nyumbani niondoke nayo imekamilika, nibebe tatu mbalimbali nikapange ukumbini, au nikodi stendi ya chuma ambayo kila keki inakaa kwenye sahani yake. Aisingi niliyozoea ni ya siagi. Gari ni Noah ya shemeji. Nisaidieni.

FundiAisingi (Temeke)
Mdogo wangu, anza na wageni. Inchi 10 inatoa vipande kama 38, ya 8 vipande 24, ya 6 vipande 12. Hizo ni 74, tena vile vipande vyembamba vya harusini. Oka na keki za trei, zikatwe jikoni, hakuna atakayejua.

Sasa safari. Mimi niliwahi kupitisha keki iliyopangwa tayari kwenye pantoni. Gari lilipopanda ule mteremko wa kuingilia nilikuwa nimekumbatia boksi huku nasoma dua zote ninazozijua. Ghorofa ya juu ikasogea kama inchi moja, na aisingi ikapasuka mstari mmoja mrefu kama ukuta wa nyumba iliyojengwa juu ya mchanga. Kosa halikuwa la pantoni. Ndani ya keki ya chini, kubeba uzito wa juu, nilikuwa nimeweka vijiti vitatu vya mishikaki, nimevikata kwa macho.

Siku hizi nafanya nusu kwa nusu: mbili za chini napanga nyumbani, ya juu inasafiri kwenye boksi lake. Ukumbini kazi ni dakika kumi tu, na mfuko wa aisingi ya kuzibia maungio.

UngaMweupe (Nairobi)
Mimi sikubaliani. Kupanga ukumbini ni kujitafutia presha: MC anapiga kelele, watoto wanachungulia, na meza yenyewe ina mguu mmoja mfupi. Mimi napanga zote nyumbani, nailaza kwenye friji usiku kucha, kisha napitisha kijiti kimoja kirefu cha mbao, kilichochongwa ncha kama penseli, kutoka juu mpaka kwenye ubao wa chini. Keki ikiwa baridi inakuwa ngumu kama tofali. Naiweka kwenye buti, kamwe si kwenye kiti, maana kiti kina mwinamo. Aisingi ni siagi tupu na haijawahi kuniangusha.

PwaniTamu (Mombasa)
Dada wa Nairobi, hiyo siagi yako inakaa kwa sababu mji wako una baridi! Siagi inayeyuka kwenye nyuzi 32 hadi 35, na inalegea mapema kabla ya hapo. Mwezi wa kwanza Dar ni kaskazi, jua la kuchoma, na ukumbi wenyewe pengine ni hema. Keki itatoka friji imesimama kama askari, ikifika saa mbili usiku inatiririka shingoni.

Mwanafunzi, funika kwa ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa na krimu. Chokoleti nyeupe gramu 900 kwa krimu gramu 300, yaani tatu kwa moja. Chokoleti nyeusi inatosha mbili kwa moja. Iache ipoe usiku mzima, ndipo uipake. Ukitaka fondanti, ule unga wa sukari unaosukumwa kama chapati, ilaze juu ya ganashi, lakini ukiitoa friji huku kwetu inatoka jasho. Usiiguse wala kuipangusa, iache mbele ya feni ikauke yenyewe.

MokaMkate (Moshi)
Mbona stendi mnaipita kama kituo cha daladala usiku? Sendofu ina keki za wazazi. Bibi harusi anabeba keki anawapelekea wakwe, na zikiwa zimepangana nani atazibomoa mbele za watu? Kwenye stendi unanyanyua moja, nyingine zinabaki zimependeza. Kwa anayeanza, hiyo ndiyo njia isiyo na vijiti wala hesabu. Ubaya wake ni sakafu. Hema likiwa juu ya nyasi, stendi inalala upande. Mimi naazima pimamaji ya fundi ujenzi, naweka vipande vya kadibodi chini ya mguu mpaka povu likae katikati. (Huku kwetu watu wengi wanasubiri ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, kuliko keki, lakini hayo tuyaache.)

FundiAisingi (Temeke)
Hoja ya wakwe ina uzito, nimekubali. Lakini siku moja atalazimika kupanga, basi ajue. Weka sahani ya inchi 8 juu ya keki ya 10, chora duara kwa ncha ya kisu. Vijiti vyote vikae ndani ya duara hilo: sita kwa kubeba ya 8, vinne kwa kubeba ya 6. Chomeka kimoja mahali keki ilipo juu zaidi, weka alama, kitoe, halafu kata vingine vyote kwa urefu huohuo. Usipime kila kimoja kwa shimo lake, ghorofa itainama. Na kila keki iwe na ubao wake chini, la sivyo vijiti vitaitoboa kama sindano.

PwaniTamu (Mombasa)
Na badala ya mishikaki tumia mirija minene migumu. Inakatika kwa mkasi na haiachi vibanzi vya mbao ndani ya keki.

UngaMweupe (Nairobi)
Mirija kwa keki ya matunda nzito? Hapana. Kwa sponji, sawa.

MwanafunziWaOveni (Mbagala)
Asanteni sana. Nimeongea na mama mdogo: keki za wakwe ni mbili kweli, sikuwa najua. Basi naenda na stendi, ganashi nyeupe, na keki mbili za trei za jikoni. Jumamosi hii napanga ya 8 na ya 6 kwa mazoezi, shemeji anizungushe nazo kwenye matuta ya mtaani tuone. Pimamaji baba anayo, ila ameniuliza mara tatu keki na pimamaji vimekutana wapi.

MokaMkate (Moshi)
Ioshe kwanza, ina saruji.