Kisigino kinanitesa: nilipie sindano kavu au mazoezi ya fizio? (Nakuru)

MwalimuFreeArea:
Hamjambo wanajukwaa. Asubuhi nikishuka kitandani, hatua tano za kwanza nazipiga nikishika ukuta. Nimepewa hadi Ijumaa niamue: sindano kavu vikao sita kwa 2,500 kila kimoja, au mazoezi kwa fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, vikao vinane kwa 1,500. Pesa ni za chama chetu cha akiba, nikikosea sina nyingine. Nani amejaribu?

FizioKakamega:
Pole, Mwalimu. Lakini hujatuambia mengi. Ni mguu mmoja au yote miwili? Tangu lini? Unasimama kwa muda gani, na unavaa nini? Una sukari? Unameza dawa za kuzuia damu isigande? Bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

MamaKibuye:
Usikubali sindano, mwanangu. Mimi nauza nyanya hapa soko la Kibuye, Kisumu, nasimama tangu alfajiri. Mwaka juzi kisigino kilinishika hivyo hivyo. Kliniki moja, sitaitaja, ikanichoma dawa ndani ya kisigino. Siku ya tatu nilikuwa natembea kama msichana. Baada ya wiki saba maumivu yakarudi, nikachomwa tena. Yakarudi, nikachomwa ya tatu. Hayo yote ndani ya miezi mitano, na hakuna aliyeniambia kuna hatari yoyote. Jumapili moja nashuka ngazi za kanisa, nikasikia "pwa!" chini ya mguu, kama kamba ya katani imekatika. Niligeuka kuangalia nani amenirushia jiwe. Nikakaa palepale kwenye ngazi, Biblia mapajani, siwezi kuinuka. Unyayo ukafura ukawa rangi ya biringanya. Hospitali nyingine ikasema utando wa unyayo umechanika. Nilivaa kiatu kile kigumu cha kufika gotini wiki sita, na kibanda akakishika binti yangu aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani. Hilo ndilo linaniuma hadi leo.

BabaMapacha:
Pole sana, mama. Lakini uliyochomwa wewe si sindano kavu. Hiyo ni steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, na kuchanika utando ni hatari yake inayojulikana. Sindano kavu haina dawa yoyote ndani, ndiyo maana inaitwa kavu.

MamaKibuye:
Kavu au mbichi, hakuna kitakachochoma kisigino changu tena.

MkimbiajiMenengai:
Mimi nawatetea wenye sindano. Hupanda Menengai kila Jumamosi, na kisigino kilinisimamisha miezi minne. Kasindano chembamba kama unywele kaliingia kwenye shavu la mguu, msuli ukaruka wenyewe kama samaki aliyetolewa majini. Siku mbili nilichechemea, ya tatu nikaona tofauti. Wiki ya tano nikarudi mlimani.

FizioKakamega:
Hiyo hutokea, sikatai. Kuna utafiti wa Australia wa mwaka 2014, watu 84, sindano mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Waliochomwa kwelikweli walipata nafuu kidogo kuliko waliochomwa za kuigiza, ila wengi waliona uchungu au michubuko ya muda. Kwa hiyo sindano hupunguza maumivu, lakini haiimarishi mguu. Kazi hiyo ni ya mazoezi. Mwalimu, anza leo, bure: kabla hujakanyaga chini asubuhi, pandisha mguu juu ya goti, vuta vidole kuelekea kwako hadi unyayo ukaze, hesabu kumi, rudia mara kumi. Halafu kunja taulo, weka vidole juu yake ukingoni mwa ngazi, inuka polepole kwa hesabu tatu, tulia mbili, shuka tatu. Siku moja ndiyo, moja hapana. Maumivu haya huisha kwa watu wengi, lakini huchukua miezi. Na yeyote atakayekugusa, mwulize usajili wake katika baraza la fiziotherapia.

BabaMapacha:
Kwa nini asichanganye? Sindano mbili au tatu apate nafuu, pesa zinazobaki ziende kwa mazoezi.

MkimbiajiMenengai:
Vikao viwili havitoshi, kaka. Mimi raha kamili niliisikia kikao cha nne.

SojaLanet:
Mnasahau viatu. Nalinda geti usiku kucha, na kilichoniponya ni kuacha patipati. Nilinunua akala za tairi, soli ngumu, basi.

FizioKakamega:
Patipati acha, naam. Lakini akala ni bapa, haishiki upinde wa mguu. Tafuta raba yenye kisigino kilichoinuka kidogo.

SojaLanet:
Babu yangu alichunga ng'ombe na akala miaka sabini, hakujua kisigino kinauma vipi.

MamaKibuye:
Babu yako alikanyaga udongo, mwanangu. Sisi tunasimama kwenye saruji.

MwalimuFreeArea:
Asanteni nyote. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasahihisha vitabu. Ni mguu wa kulia, tangu Februari. Darasani ni saruji tupu, nasimama vipindi saba, viatu vyangu ni vile vyeusi bapa. Sukari sina. Leo nimevuta vidole kabla ya kushuka kitandani, ukuta nimeushika hatua mbili tu. Za Ijumaa bado sijaamua. Fizio, nikianza mazoezi mwenyewe, vikao vinne havinitoshi? Na hizo raba, mtumba wa hapa mjini nitazipata upande gani?

SojaLanet:
Uje Jumatano asubuhi, mwalimu, belo zikifunguliwa. Unavaa namba ngapi?