Mliostaafu mapema mlijifunzaje KUTUMIA akiba? Tupeane uzoefu

Wakuu habari za muda huu. Niende kwenye mada moja kwa moja.

Niliacha kazi nikiwa na miaka 51, sasa nina 54. Sikufukuzwa, sikuumwa, nilipiga hesabu nikaona inatosha nikaandika barua. Miaka 23 nilikuwa nakata ya akiba kabla sijagusa mshahara, hiyo kazi naijua hata usingizini. Shida yangu ni upande wa pili, kutoa. Kila nikitaka kuchomoa hela kule mkono unakuwa mzito utadhani naiba ya mtu.

Sasa jana. Kochi letu la sebuleni limebonyea upande wangu, chini nimeweka ubao, juu ya ubao mto, juu ya mto shuka iliyokunjwa mara 4, na kukaa kwenyewe ni kwa hesabu maana ukisogea kushoto kuna msumari unakukumbusha. Mama watoto ananiangalia ninavyojipanga pale akaniuliza, hivi mume wangu, sisi tulistaafu au tulifilisika? Nilicheka lakini lilinichoma, kwa sababu nilipokwenda kufungua daftari nikakuta mwaka jana tumetumia kama asilimia 2 tu ya akiba na salio ni kubwa kuliko siku niliyotoka kazini. Sasa namuwekea nani?

Mliotangulia mlivukaje? Na walioharibu pia waje waseme, tusiletewe sifa tupu.

Bado_Niko_Kazini
Nakaa hapa pembeni na daftari. Mimi bado miaka 6.

Mzee wa Kalkuleta
Mkuu kwa asilimia 2 unajinyima bure, ila ngoja nikueleze ninavyoelewa mimi. Ile asilimia 4 inayotajwa kila kona ilitokana na mshauri mmoja wa fedha wa Marekani, William Bengen, mwaka 1994. Alichukua takwimu za hisa na hati fungani (yaani hela unayoikopesha serikali au kampuni, wanakulipa riba hadi muda uive) za kwao kuanzia 1926 akawa anauliza swali moja, mtu akistaafu mwaka huu au ule atoe kiasi gani ili hela isimuishie ndani ya miaka 30, hata akiangukia miaka mibaya kabisa? Ikaja kama asilimia 4. Na hapa ndipo wengi wanapochanganya, sio asilimia 4 ya salio kila mwaka, hapana, ni asilimia 4 ya akiba uliyonayo mwaka wa kwanza, halafu miaka inayofuata unachukua kiasi kile kile ukiongeza kadiri bei zilivyopanda.

Sasa hiyo ni historia ya soko lao, na ni miaka 30. Wewe uliyetoka na 51 unaweza kuishi 40 na zaidi, kwahiyo shuka kidogo, mimi nilianza na 3.5 nikalala usingizi.

Lakini hesabu haikuniponya ule mkono mzito, tusidanganyane. Kilichoniponya ni kujilipa mshahara. Niliweka maelekezo benki, tarehe 25 kila mwezi hela inahama yenyewe kutoka kule kwenye akiba kuja akaunti ya matumizi, mimi sibonyezi chochote. Ikishaingia huku kichwa kinaiona ni mshahara, na mshahara nimeutumia tangu ujana bila kuomba ruhusa ya mtu. Ujinga mtupu lakini umefanya kazi, mwaka wa 5 huu.

Nilirudi_Kazini
Umesema walioharibu waseme, haya nimekuja.

Mimi nilitoka na miaka 48, katikati ya 2007. Mwaka wa kwanza nilikula akiba kama mtu aliyepewa tarehe ya kuimaliza. Gari jipya, safari mbili ndefu, nikakopesha watu watatu ambao hadi leo tukikutana wananikwepa, mmoja alibadilisha hadi njia ya kupita. Labda ningepona kama soko lingetulia, ila ikaja 2008. Akiba yangu karibu yote ilikuwa kwenye hisa, na zile za Marekani peke yake mwaka ule zilipoteza zaidi ya theluthi moja ya thamani, huku mimi nina mkopo wa gari unaodai kila mwezi, ikabidi niuze hisa zikiwa chini kabisa.

Hii hesabu sikuwahi kuikalia chini kabla ya hapo. Una 100, ikishuka asilimia 40 umebaki na 60. Ili urudi 100 inabidi ipande asilimia kama 67. Sasa kwenye ile 60 wewe toa 10 ya kula, umebaki na 50, lazima ijizae mara mbili ndiyo ufike ulipokuwa. Soko lilirudi kweli, tena likapita pale lilipokuwa, mimi ndiye sikurudi nalo kwa sababu hisa nilishauza. Kushuka kwa soko mwaka wa 15 wa kustaafu na kushuka mwaka wa kwanza ni vitu viwili tofauti kabisa, aisee mwaka wa kwanza unang'oa mzizi.

Nikarudi kazini miaka 4. Bosi wangu alikuwa kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe, ananiita mzee kwa heshima zote huku ananipangia zamu ya usiku. Sasa hivi nimestaafu mara ya pili, na kabla ya hisa kuguswa nina matumizi ya miaka 2 yamekaa pembeni kwenye dipoziti. Soko likianguka nakula hayo, nasubiri. Gari nililiuza, hasara juu yake.

Mama wa Masanduku
Mimi naomba niongee kidogo tu. Nina miaka 58. Mume wangu alitoka kazini na 55, mimi nikamfuata, na mpango wetu ulikuwa safari ndefu, miezi miwili, tukaanza kwa kununua masanduku mawili yanayofanana. Kila mwaka anasema ngoja mwakani, riba iingie kwanza, ngoja ile hati fungani iive. Hati iliiva. Yeye akafariki miezi mitatu kabla.

Masanduku yapo juu ya kabati, lake bado lina karatasi ya dukani inaning'inia.

Simlaumu, alikuwa anahofia niishiwe nikiwa peke yangu, na kweli sijaishiwa, hela ipo. Lakini nilikuja kusikia watu wa ushauri wa fedha wanagawa kustaafu mafungu matatu, miaka ya nguvu, miaka ya kupunguza mwendo, na miaka ya kukaa, nikaona sisi tulikuwa tunaweka akiba ya fungu la tatu tukiwa ndani ya fungu la kwanza. Magoti yangu sasa hivi yanapanda ngazi, miaka 10 ijayo sijui. Mwaka jana nilisafiri na mdogo wangu wa kike, wiki tatu. Nilibeba sanduku langu. Lile lingine sijaweza.

Mzee wa Kalkuleta
Pole sana dada.

Kila Siku Wikiendi
Pole dada yangu, umenifanya niinuke nikamwangalie mzee wangu alivyolala.

Niongezee la kwangu hata kama ni jepesi. Mimi nilipostaafu niliandika orodha ya anasa, vitu 20. Nikanunua baiskeli ya mbio, gitaa, darubini ya kuangalia nyota. Gitaa nyuzi mbili zimekatika na sijui ni zipi, baiskeli tunaanikia nguo, nawaambia ukweli. Darubini ndiyo imeshinda, na mle ndani ya orodha ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote. Nikaja kugundua ninachokifurahia zaidi ni saa 4 asubuhi ya Jumanne, niko barazani, wenzangu wote wako vikaoni, mimi nasoma gazeti hadi matangazo ya vifo. Hiyo hailipiwi.

Ila angalizo, ukiwa kazini unatumia hela Jumamosi na Jumapili, ukistaafu kila siku ni Jumamosi. Miezi 3 ya kwanza nilivuka bajeti kwa vitu vidogo vidogo tu, kutoka, kununua hiki, kurekebisha kile. Nikaanza kuandika kila matumizi na jina lake, hela ya raha nikaitenga fungu lake, ikiisha imeisha hadi mwezi ujao. Na isipoisha? Nimejiwekea sheria hairudi kwenye akiba, lazima niitumie. Hapo ndipo nilipojifunza.

Taratibu Tu
Mnamsukuma mwenzenu sana jamani. Bei zikipanda asilimia 6 kwa mwaka, baada ya miaka 12 kitu kile kile kinataka hela mara mbili, na huyu ana miaka 54, hiyo mara mbili anaweza kukutana nayo mara tatu. Halafu matibabu. Ukiwa kazini bima analipa mwajiri, ukitoka mapema ni juu yako, na pensheni ya uzeeni sehemu nyingi inasubiri ufike 60 na kitu. Kuna pengo pale katikati la miaka 10 hivi hakuna anayekushika mkono. Mimi lile pengo lilinikuta na upasuaji wa mgongo. Anunue kochi sawa, ila asije akaanza kujiona tajiri.

(mleta mada)
Nimezisoma zote, tena nimezisoma nikiwa nimekaa upande wa mama watoto. Mzee wa Kalkuleta tarehe 25 nimeshaijaza benki leo, 3.2 sio 3.5, mkono wangu bado ni ule ule. Nilirudi_Kazini asante, hisa zangu sikuwa nimezitengea chochote pembeni, nalishughulikia hilo kabla ya mengine. Taratibu Tu nimekusikia, bima nilikuwa naipiga danadana.

Dada wa masanduku, nilimsomea mama watoto ulichoandika. Hakusema kitu, akaenda kuchukua mkoba wake tukatoka.

Kochi linakuja Jumamosi. Lile la zamani wanaliondoa wao wenyewe, ila ubao nimewaambia waniachie.