Napitia pachi ya ziro-kopi kwa draiva, niangalie nini kabla nikubali iingie?

kijana_wa_rongai
Niaje wadau. Tuko na kadi ya PCIe inanasa data na kuimwaga kwa seva, sasa mwenzangu kazini ameandika pachi ya ziro-kopi kwa draiva yake na mimi ndio nimepewa niipitie. Kitambo kadi ilikuwa inaandika kwa bafa ya kerneli, halafu copy_to_user inahamisha kila kitu tena mpaka kwa programu. Ameitoa hiyo kopi yote. Anachukua anwani ya bafa ya programu, anaita get_user_pages_fast (inashika kurasa za memori ya programu) na flagi 0, halafu dma_map_sg (inapatia kadi anwani za hizo kurasa), kadi inaandika moja kwa moja, yaani DMA. Prosesa imepumua kabisa na kila mtu hapa ofisini Ngong Road anataka iingie leo, lakini mimi sijatulia, ju spidi naiona ila sioni ni nani anashikilia zile kurasa wakati kadi bado inaandika. Kipande kinanisumbua ni hiki:

n = dma_map_sg(...);
if (n < 0)
    goto err;

mzee_wa_draiva
Una haki ya kutotulia. Hiyo if haitawahi kushika kosa, dma_map_sg ikishindwa inarudisha 0, si namba hasi, so kadi itaambiwa iendelee na orodha haina anwani za kweli. Alafu cheki penye anaita dma_unmap_sg, lazima apeane nents ya mwanzo (idadi ya vipande alivyoomba), si n, ju IOMMU (kifaa kinachotafsiri anwani za kadi) inaweza kuunganisha vipande n ikatoka ndogo. Akihamia dma_map_sgtable shida zote mbili zinaisha.

Flagi 0 ndio mbaya zaidi. Kadi inaandika humo, lazima FOLL_WRITE, flagi ya kusema kurasa zitaandikwa. Programu ikiwa imetenga bafa na haijaigusa bado, unaweza kupewa ule ukurasa wa sufuri unaotumiwa na mashine nzima, na kadi iandike hapo!

Na get_user_pages si ya kazi hii tena. Kutoka kerneli 5.6, 2020, kuna pin_user_pages, inaonyesha wazi ukurasa umeshikwa kwa ajili ya DMA. Inaweza kurudisha kurasa chache kuliko zile umeomba, hakikisha amelishughulikia hilo. Bafa ikikaa muda mrefu aweke flagi ya FOLL_LONGTERM na ahesabu kurasa kwa RLIMIT_MEMLOCK (kikomo cha memori mtu anaruhusiwa kufunga), ama mtu yeyote atajifungia memori yote ya seva.

dada_wa_kasarani
Mimi pachi za aina hii naanza kusoma mahali vitu vinaachiliwa. Jiulize, mtu akipiga kill -9 data ikiwa katikati, nini kinafanyika? Mpangilio ni mmoja tu: simamisha kadi na uhakikishe kweli imesimama, kisha unmap, kisha unpin_user_pages_dirty_lock (inaachilia kurasa na kusema zimeandikwa). Akiachilia kurasa kabla kadi isimame, kerneli itazipea programu nyingine na kadi iendelee kuandika ndani, yaani data yenu inaharibu memori ya mtu hajui hata kadi iko. Hiyo haitaonekana kwa tesiti ya spidi. Fuata kila goto mpaka mwisho wake, moja moja.

mbishi254
Lakini hamjamuuliza data ni kubwa kiasi gani. Kushika kurasa na kuziachilia kila mara pia ni gharama, hata nyaraka za MSG_ZEROCOPY ya upande wa netiweki zinasema inafaa kuanzia kama 10 KB kwenda juu. Na kama bafa ni zile zile kila siku, si draiva itenge zake yenyewe na programu izifikie kwa mmap? Hapo hushiki kurasa za mtu.

kijana_wa_rongai
Asanteni sana, nimeandika zote kwa rivyu. @mbishi254 fremu moja ni 8 MB na bafa inatoka kwa programu ya mteja, mmap ingelazimu wabadilishe upande wao. Swali lingine, tumejaribu kwa x86 pekee na kuna bodi za ARM zinakuja.

dada_wa_kasarani
Basi msiiingize leo. ARM nyingi kashe (memori ndogo ya prosesa) haifuatani na DMA yenyewe. Kama anaacha bafa ikiwa imemapiwa ili aitumie tena, anahitaji dma_sync_sg_for_cpu kabla programu isome, na dma_sync_sg_for_device kabla kadi irudishiwe. Bafa ya programu isipoanza kwa mpaka wa laini ya kashe, vitu vilivyo kando yake vinaweza kuharibika, so draiva ikatae anwani kama hiyo mapema. Washa CONFIG_DMA_API_DEBUG na KASAN (zinanasa makosa ya DMA na ya memori), weka IOMMU on, halafu uue programu mara nyingi fremu zikiwa zinaingia na usome dmesg, logi ya kerneli.