Naomba ushauri: kutambua ndege wa uani misimu ikibadilika

Habari zenu wakuu. Nimeanza kuangalia ndege wanaotua uani na kwa kweli nimenogewa. Kinachonisumbua ni kwera. Msimu wa kuzaliana dume ni manjano tupu, uso mweusi, ananing'inia kichwa chini akisuka kiota. Msimu ukiisha manyoya yanafifia, anafanana na jike, nami namchanganya na shomoro. Hapo wenzangu mnaangalia nini kwanza: mdomo, rangi ya jicho au sauti?

Pia wapo mbayuwayu wanaorudi Ulaya kuzaliana, nataka niandike tarehe zao za kufika na kuondoka. Mnaandika nini kingine daftarini? Na kwa anayeanza, darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42) inatosha au nitafute 10x42?