Njiwa wachanga wanapotea Juja: tatizo ni pua au ni banda?

PaaLaKayole
Habari zenu wafugaji. Naomba ushauri wa kina, maana mayai mengine yanakaribia kuanguliwa na sitaki kurudia kosa.

Banda liko juu ya gorofa, Kayole, Nairobi. Pande tatu ni mabati, mbele ni karatasi nzito ya nailoni ya kuzuia baridi ya Julai. Njiwa 14 wa miezi minne, wote wameanguliwa humo humo. Kila siku wanafunguliwa kuruka dakika 40. Nilipoanza kuwapeleka mbali na kuwaachilia warudi wenyewe, kutoka Utawala walirudi wote, Ruai wakarudi 13. Juja, kama kilomita 22 ukipima moja kwa moja, wamerudi 5 tu, na siku yenyewe ilikuwa na jua safi.

Nimeambiwa njiwa hurudi nyumbani kwa kunusa. Je, nikiweka karafuu au mafuta ya mkaratusi bandani, watalinusa banda kutoka mbali?

UpepoWaKaskazi
Ndugu, acha karafuu. Njiwa akiwa Juja hanusi banda lako. Ananusa hewa ya Juja.

Iko hivi. Kinda akiwa bandani anajifunza kwamba upepo ukitokea upande huu, hewa inakuja na mchanganyiko fulani, na ukitokea upande ule, inakuja na mwingine. Si lazima iwe harufu ambayo mimi na wewe tungeitambua. Siku akiachiliwa ugenini ananusa hewa ya pale na kuilinganisha na pepo anazozikumbuka. Akikuta ni hewa iliyokuwa ikija nyumbani kutoka kaskazini, basi yuko kaskazini mwa nyumbani na inampasa kuelekea kusini. Kusini ni wapi? Hapo anatumia jua. Ramani ni kazi ya pua, dira ni jua.

Floriano Papi na wenzake wa Pisa, Italia, ndio waliolionyesha hili mwanzoni mwa miaka ya 1970. Njiwa waliokatwa neva ya kunusia walishindwa kurudi kutoka mahali pageni, lakini mahali wanapopafahamu walirudi kwa macho. Ndiyo tofauti ya Utawala na Juja: wa kwako wakipanda juu ya Kayole, Utawala wanauona.

Sasa tazama banda lako. Mjerumani Hans Wallraff alilea njiwa kwenye vizimba vilivyozungushiwa vioo: waliona mandhari yote, lakini upepo haukuwafikia, na walipoachiliwa mbali hawakujua pa kuelekea. Vizimba vilivyoziba macho huku vikipitisha upepo vilitoa njiwa wanaoelekea nyumbani. Nailoni yako ni kile kioo. Dakika 40 angani naona ni chache mno mbele ya saa 23 zisizo na upepo.

FundiMbao_Dandora
Usibomoe kitu, ongeza kizimba cha nje kwenye upande uliofungwa nailoni.

Kitokeze mita 1 mbele ya banda, urefu mita 1.8, kimo mita 1. Fremu ni mbao za 2 kwa 2, pande zote na sakafu ni wavu wa chuma wa tundu la nusu inchi. Ule wa inchi 1 hauzuii panya wadogo. Sakafu ya wavu ni muhimu kwa sababu kinyesi kinadondoka chini na hewa inapanda. Juu weka bati nusu tu. Hakikisha ukingo wa ukuta wa gorofa hauzidi kimo cha kizimba. Ukizidi, inua kizimba kwa miguu, la sivyo upepo unapita juu na ndani kunabaki kumetulia.

Makinda waanze kutoka humo wakiachishwa, kama siku 30, na washinde humo mchana kutwa. Usiku wanarudi ndani, kwa hiyo baridi haiwasumbui. Ndani nako, kwa njiwa 14 hakikisha una kama mita 7 za ujazo, na toboa tundu chini ya paa pande mbili zinazotazamana. Ukiingia alfajiri macho yakawasha, hewa imejaa amonia ya kinyesi, na hiyo inaharibu njia za pua.

SagiriWaSouthB
Mbona hamtaji sumaku ya dunia? Nilidhani ndiyo inayowaongoza.

UpepoWaKaskazi
Sumaku ipo, ila kama dira. Mmarekani William Keeton mwaka 1971 aliwafunga njiwa vipande vya sumaku, wakapotoka siku za mawingu mazito. Kuhusu ramani, Anna Gagliardo na wenzake walichapisha jaribio mwaka 2006: waliokatwa neva ya uso inayodhaniwa kubeba habari za sumaku walirudi vizuri, waliokatwa ya kunusia wakapotea.

Lililonishawishi zaidi ni hili. Benvenuti na Wallraff, mwaka 1985, waliwanusisha njiwa hewa ya mahali pamoja, wakawasafirisha kwa hewa iliyochujwa hadi upande wa pili wa nyumbani, wakawaziba uwezo wa kunusa na kuwaachilia. Waliruka kana kwamba bado wako pale walipoinusa hewa.

Kwa hiyo kreti ya kuwasafirishia iwe na matundu pande zote, isikae kwenye buti iliyofungwa wala karibu na mtungi wa petroli. Mkifika, iweke chini kwenye uwazi nusu saa kabla ya kufungua.

Achilia kati ya saa moja na saa tatu asubuhi. Hapa Nairobi, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la saa sita na nusu liko utosini kabisa na halionyeshi upande. Na taa ya bandani isikeshe: njiwa waliosogezewa mchana na usiku kwa saa 6 hupotoka kama digrii 90, kwa sababu wanalisoma jua kwa saa ya mwilini.

PaaLaKayole
Asanteni sana. Hao 5 waliobaki nifanye nini? Na nina jozi mbili kubwa nilizonunua Thika.

FundiMbao_Dandora
Za Thika usifungue, ramani yao ni ya kule. Zitotoe tu, makinda wao ndio utakaorusha.

Hao 5 wape wiki 8 za kizimba cha nje kabla ya safari yoyote ndefu. Kisha kilomita 5, 10, 15, mara mbili kila hatua, na ubadilishe pande: leo Ruiru, kesho upande wa Athi River. Ukizoesha upande mmoja wanakariri barabara. Ukungu ukiwepo, ahirisha.

DaktariWaMabawa
Kabla ya kila safari, mshike njiwa na utazame ile nyama juu ya mdomo. Njiwa mzima inakuwa nyeupe, kavu, kama imepakwa unga. Ikiwa ya kijivu na yenye unyevu, au tundu moja la pua lina gamba la kamasi, ana mafua: abaki bandani. Futa gamba kwa pamba na maji ya chumvi ya vuguvugu, usitie dawa ya kuchua wala mafuta taa puani. Akianza kukoroma apumuapo, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana mafua ya mmoja ni ya banda zima.